Barua kwa mwanangu: ukifika ukingoni

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata. Na ile video yako ukiwa kwenye kigari cha reli cha bustani ya burudani, kile kinachopanda na kuporomoka kwa kasi, pia nimeipata, ingawa si wewe uliyenitumia. Dada yako alinionyesha akidhani nitacheka. Nimeitazama mara nne. Mwanzoni unapunga mikono, unawatania wenzako walioshikilia chuma cha kiti kwa nguvu, wewe huna haja ya kushika chochote. Kigari kinateremka, kinafika bondeni, na kichwa chako kinaangukia kifuani. Wenzako wanacheka. Mimi niliitazama midomo yako, ilikuwa imepauka kama majivu.

Utasema ni sekunde mbili tu, nakujua. Nimeuliza wanaoelewa. Kigari kikipita bondeni kwa kasi ile, mwili unaelemewa na uzito mara tatu hata nne ya uzito wake, damu inateremka miguuni na ubongo unapungukiwa. Macho yanaona kijivu, kisha giza. Anayeegemeza kichwa, akakaza miguu na tumbo, ana nafuu. Wewe ulijilegeza makusudi ili uonekane hujali.

Na shingo je? Bango la pale mlangoni linakataza wenye maumivu ya shingo, mgongo au moyo. Ulilisoma, maana kusoma hakujawahi kukushinda. Ulilisoma, ukapita, kwa kuwa nyuma yako kulikuwa na foleni ya marafiki. Hapo ndipo ninapolia napo: ungeweza kusema "mimi leo sipandi"? Maneno matatu tu.

Sasa Ijumaa mnaondoka, na nasikia safari hii kuna kuruka majini kutoka mwambani na kushindana kukaa chini ya maji. Maji usiyojua kina chake usiyaingie kwa kichwa, hilo sitalirudia. La pumzi nitalirudia kila utakaponipigia simu. Usipumue harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama. Watu hudhani wanajaza hewa, kumbe wanachofanya ni kuitoa kaboni dioksidi mwilini, na hiyo ndiyo inayokulazimisha kutafuta pumzi. Ikipungua, hamu ya kupumua inachelewa, hewa inaisha kimyakimya, na mtu anazimia chini akidhani bado anaweza. Walio juu wanahesabu sekunde na kushangilia. Hakuna anayejua kwamba anayemshangilia amekwisha kuzimia. Ukiona mwenzio anafanya hivyo, mzuie, hata akikuita mwoga mbele za watu.

Wiki hii, nikiwa kwenye cherehani, nimekuwa nikimfikiria mshonaji mmoja wa Paris, Franz Reichelt. Alishona vazi la kuruka nalo kama parachuti. Mwaka 1912 polisi walimruhusu kulijaribu kwenye mnara wa Eiffel kwa kulivisha sanamu. Alipofika akalivaa mwenyewe. Rafiki zake walimsihi aache, asisikie. Aliruka kutoka ghorofa ya kwanza, mita 57, vazi halikufunguka, akafa palepale. Kamera zilikuwepo, na filamu inamwonyesha amesimama ukingoni, anasitasita. Ule kusitasita ndio unaoninyima usingizi, mwanangu. Alikuwa bado na nafasi ya kurudi nyuma na kushuka kwa ngazi. Nani angemkumbuka kwa aibu hiyo hadi leo? Lakini watu walikuwa wanamtazama.

Utaweza kushuka kwa ngazi? Nijibu hilo, hata kama hutajibu mengine.

Sisemi wewe ni mjinga. Mwaka ule wa mafuriko ulimbeba jirani mgongoni bila kuambiwa na mtu, wala hukumsimulia yeyote, nikaja kusikia kwake. Ule ndio ujasiri ninaoujua kwako, na haukuhitaji kamera.

Wageni wakija nilizoea kusema, huyu wangu haogopi kitu. Nililisema mara nyingi kuliko lilivyokuwa kweli, nawe ukiwa umesimama hapo mlangoni unasikia. Taa ya chumbani kwako haikuzimwa usiku hadi ulipofikisha miaka tisa, na sikumwambia mtu hata mmoja. Sijui kwa nini nililificha. Halikuwa jambo baya.

Koti lako nimelitia zipu mpya, ile ya zamani ilikuwa imeng'oka meno. Mwenzako atalichukua Alhamisi. Dada yako anasema umeondoka na chaja yake, mrudishie kabla hajanimaliza kwa kelele. Baba yako amebadilisha kitasa cha mlango wa nyuma, kwa hiyo ufunguo wako wa zamani haufungui tena. Mpya nimeushonea kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, uzi ni mwepesi, ukivuta unakatika. Ukirudi usiku sana na ukashindwa kuupata gizani, gonga dirisha langu. Siku hizi silali mapema.

Mama yako