Taarifa ya mwenyekiti 2025: mwaka wetu wa James Earl Jones

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe, mimi naomba tu wenye madeni ya ada wamalize kabla ya mkutano mkuu.

Mnakumbuka alipofariki James Earl Jones, yule mwigizaji wa Marekani, Septemba 9, 2024, akiwa na miaka 93, tulikubaliana vikao vya mwaka huu wote viwe vyake. Wengi wetu tulimjua kwa sauti tu, ile ya Mufasa kwenye The Lion King ya 1994, na sisi Waswahili kumsikia simba wa muvi ya Marekani anamwita mwanawe Simba ilikuwa raha ya aina yake jamani, halafu na Darth Vader, yule mwovu wa muvi ya Star Wars ya 1977, kazi ambayo alilipwa dola 7,000 na jina lake hakutaka hata liandikwe. Ila mimi nasema yule alikuwa mtu wa jukwaa kwanza, na nafurahi mwaka huu tumeliona hilo. Tony, tuzo ya Marekani ya maigizo ya jukwaani, ya kwanza aliipata 1969 kwa kuigiza bondia kwenye tamthilia ya The Great White Hope, ya pili 1987 kwa tamthilia ya Fences, akiwa Troy, mzoa taka aliyewahi kuwa mcheza besiboli hodari akabaniwa kwa sababu ya rangi yake. Kwenye tivii nako, mwaka 1991 alibeba tuzo mbili za Emmy kwa mpigo.

Kilichonigusa zaidi ni utoto wake. Kazaliwa Mississippi 1931, akalelewa na babu na bibi yake Michigan, na kigugumizi kikamshika mpaka akaacha kabisa kuongea na watu kwa muda wa miaka 8 hivi, hadi mwalimu wake alipomwambia kama hili shairi umeandika mwenyewe basi simama ulighani bila karatasi, na akalisema lote bila kukwama.

Siku tuliyosimulia hayo umeme ulikatika, projekta ikazima, tukakaa na tochi za simu. Basi kijana wetu mmoja mwenye kigugumizi, miaka miwili yupo na hajawahi kusoma hata mstari, akanyoosha mkono akaomba asome sehemu ya Troy. Alikwama sana, kashika mgongo wa kiti kwa nguvu, na hakuna aliyemmalizia neno, nawashukuru mno kwa hilo. Kasoma kurasa mbili.

Januari tunaisoma Fences yote, na Troy ni yeye, ameshachukua nakala yake.