Barua kwa Kaka: Darubini Iliyo Chini ya Kitanda cha Mama

Manchester, Uingereza
Jumapili, 18 Januari 2026

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Barua yako niliyoletewa na shemeji nimeipata, na nimeisoma mara 3: mara ya kwanza kwa furaha ya kuuona mwandiko wako, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu jana usiku, hasira ilipokwisha kushuka.

Nianze na la fedha, kwa kuwa ndilo jepesi. Mabati na mbao za paa la Mama nitalipia mimi, yote, na fedha zitaingia kwenye simu ya Mama Mdogo kabla ya mwisho wa mwezi ili fundi amalize kazi masika hayajaingia. Kwa nini haziingii kwenye simu yako, unajua mwenyewe.

Lililoniuma ni pale ulipoandika kwamba Baba aliuza minazi ya Pangani ili nisome nyota, nami nimeishia kuhesabu umeme wa Wazungu. Ulipoandika hivyo Mama alikuwa amekaa karibu, maana salamu zake umeziandika kwenye mstari unaofuata. Je, ulimsomea?

Nyota sikuziacha, kaka. Nilipofika hapa kutoka Chuo Kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, niliwekwa kwenye kazi ya kutafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, yanayozunguka kwa kasi na kutupigia mapigo ya redio kama mnara wa taa unavyomulika baharini. Pulsa ya kwanza iligunduliwa mwaka 1967 na msichana mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, aliyekuwa akikagua kwa macho yake karibu mita 30 za karatasi zilizochorwa na mashine kila siku, mpaka akaona kialama kidogo cha ovyo ambacho mtu mwingine angekipuuza. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo akapewa msimamizi wake pamoja na mwanamume mwingine. (Ukiniuliza kwa nini maneno yako yaliniuma mapema kuliko kawaida, jibu moja ni hilo.) Jocelyn mwenyewe alipokuja kupewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 mwaka 2018, hakujenga ghorofa, zote alizitoa ziwasomeshe fizikia vijana ambao kwa kawaida hawaipati nafasi hiyo.

Sisi wa siku hizi karatasi hizo hatuzimudu tena, kwa hiyo tunaifundisha kompyuta itazame kwa niaba yetu. Kuna mkusanyo mmoja wa data wenye alama 17,898 zinazofanana na pulsa, na kati ya hizo pulsa za kweli ni 1,639 tu. Zilizobaki ni kelele za mitambo na mawimbi ya hapa hapa duniani. Nilikaa na data za namna hiyo usiku na mchana mpaka nikajua kutofautisha sauti na kelele, na ujuzi huo ndio wanaouita sayansi ya data. Shahada ya uzamivu ilipokwisha na ufadhili ukakoma, ujuzi huo ndio ulioninunulia koti.

Na huo umeme unaoudharau, hebu nikueleze. Waingereza wakitazama mpira, mchezo ukisha wote huinuka pamoja kwenda kuwasha birika la chai. Tarehe 4 Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia kati yao na Ujerumani Magharibi ilipoisha, matumizi yaliruka kwa megawati 2,800 kwa mkupuo. Bwawa letu la Nyerere pale Rufiji, ambalo nchi nzima tunajivunia, uwezo wake ni megawati 2,115. Yaani chai peke yake ingelimaliza bwawa lote na bado isingetosha. Umeme wa kiasi hicho haukai ghalani kama mahindi, kwa hiyo lazima mtu ajue mapema watu watawasha nini na saa ngapi. Mtu huyo ni mimi, mdogo wako. Mwaka jana hesabu yangu iliukaribia ukweli kuliko ile iliyokuwa ikitumika kabla sijaja, na sasa ninaongoza wenzangu 6, mmojawapo akiwa yule aliyenikabidhi kikombe chake kwenye kikao changu cha kwanza akidhani nimeletwa kupika chai. Mwambie Mama hilo la wenzangu 6. La kikombe liache.

Sasa nije kwenye lawama yako ya mwezi. Nilipotuma ile sauti kwenye kundi la familia, nikisema kwamba jioni ile mwezi ungezama Tanga kabla ya jua na kwa hiyo haungeweza kuonekana, sikukusudia kumvunjia heshima Baba Mdogo wala kuingia kwenye mvutano wa mwezi wa kitaifa na wa kimataifa, yaani kama tufuate ulioonekana nchini au popote duniani. Kutangaza mwandamo ni kazi ya masheikh. Mimi nilieleza umri wa mwezi, jambo linalohesabika kama zinavyohesabika siku za bamvua na za maji mafu. Babu hakuwahi kukanyaga darasa la fizikia, lakini alijua kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka maji hujaa sana na hukauka sana, na hakuna aliyemwambia amekufuru. Nilipoalikwa kuzungumza na watu wa mji huu kuhusu mvuto wa mwezi na jua, niliwaelezea Babu akikokota ngalawa juu ya matope ya Tanga, na ukumbi ulikuwa umejaa hata wengine walisimama. Walipiga makofi sana, kaka. Nilirudi nyumbani nikala mkate mkavu, nikatamani mtu mmoja tu wa kunitania kwa lahaja ya kwetu.

Ndiyo sababu mazungumzo yangu ya sayansi nayarekodi kwa Kiswahili. Watoto wa mkoa wetu wanapaswa kujua kwamba mwaka 1963, pale Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari tu alipoona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyaweka kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakiganda kabla ya ya mwenzake. Walimcheka. Mwaka 1969 jambo lake likachapishwa pamoja na profesa wa Dar es Salaam, na mpaka leo wanafizikia wanalibishania kwa jina lake.

Kwa hiyo darubini niliyoituma kwa meli, ambayo Mama ameniambia kwa simu kwamba umeifungia kwenye sanduku chini ya kitanda chake ili isilete maneno mtaani, naomba uitoe. Sikuileta kwa ajili ya mwandamo. Niliwaahidi wanafunzi wa kike wa ile shule yangu, na mwalimu wao amenipigia mara 2 nami nikamdanganya kwamba bado iko bandarini.

Hili lingine siliandiki kwenye kundi, nakuandikia wewe peke yako. Mwezi mpya wa Ramadhani utazaliwa Jumanne tarehe 17 Februari, mnamo saa tisa alasiri ya kwetu, na jua la Tanga likizama utakuwa haujatimiza hata saa 4. Kwa umri huo haujapata kuonekana kwa macho. Mpelekee Baba Mdogo ukiona inafaa, kwa adabu, kama swali. Mimi nitanyamaza mpaka aniulize mwenyewe.

Kioo cha darubini usikifute kwa kanga, na kamwe usiruhusu mtoto ailekeze kwenye jua. Kabla hujaipeleka shuleni, itoe uani baada ya Isha, uielekeze upande wa mashariki kwenye ile nyota kubwa inayong'aa bila kumetameta. Hiyo ni sayari ya Mshtarii (Jupita). Mwite Mama kwanza, mwekee kigoda, umwache ahesabu vinukta vilivyopangana ubavuni mwa sayari hiyo, yaani miezi yake, kisha uniandikie ameona vingapi.

Mdogo wako