Hasara yetu ya munkoyo na daftari la mapato

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nimjibu msomaji aliyeandika kwamba programu za ujasiriamali zinawapotezea wanafunzi muda, kwa kuwa hakuna anayetoka humo akiwa na mali. Mimi nilijiunga na programu ya namna hiyo hapa Lubumbashi kwa miezi mitatu, na biashara ya kwanza ya kikundi chetu cha watu watano iliishia katika hasara. Hata hivyo, hasara hiyo ilinifundisha jambo ambalo sikulipata katika miaka miwili ya kusomea uchumi, ingawa mtihani wa hesabu za gharama nilikuwa nimeufaulu vizuri.

Tulichagua kutengeneza munkoyo, kinywaji ambacho kila mmoja wetu alikikuta nyumbani kwao. Tulipika uji wa mahindi, tukauacha upoe, tukatia mizizi iliyopondwa ambayo huulainisha na kuutia utamu, kisha tukasubiri hadi kesho yake. Tulipata lita 40, yaani chupa 80 za nusu lita, tukaziuza kwa faranga 500 kila moja. Kwa siku mbili ziliuzwa chupa 62, na zile 18 zilizobaki zikachacha kiasi cha kutonyweka. Tukaandika: mapato 31,000, unga 12,000, mizizi 4,000, chupa tupu 12,000, faida 3,000. Tulifurahi sana.

Mkufunzi wetu, mwanamke ambaye mwenyewe ana duka, hakutupongeza. Alituuliza makala (makaa) ya kupikia yalitoka wapi, na chupa zilifikaje sokoni. Makala tulikuwa tumeyanunua kwa vifuko vidogo vya barabarani, yote yakafika faranga 5,000, na usafiri ulikuwa umekula 4,000, lakini kila mtu alizitoa mfukoni mwake na hakuna aliyeziandika, kwa sababu ilionekana kama msaada kwa wenzake. Faida yetu ya 3,000 ikageuka kuwa hasara ya 6,000, na hapo hatukuwa tumehesabu usiku mbili za kukaa jikoni.

Ndipo tulipokwenda katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kumwuliza mama mmoja muuzaji wa munkoyo anawezaje kuishi kwa bei ileile. Alitueleza bila kuficha kwamba hununua makala kwa gunia zima, hana haja ya chupa kwa kuwa wateja wake hunywa kwa kikombe palepale, na hupika kiasi anachojua kitakwisha kabla ya jua kuzama. Hajasomea popote mambo haya, na kwa maoni yangu mama kama huyu angestahili kualikwa mbele ya wanafunzi kabla ya wageni wanaokuja kutusimulia mafanikio yao.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu linanigusa nyumbani. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akiwa na malipo yake, na baba yangu alikuwa miongoni mwao. Alifungua duka la unga. Sisi nyumbani tulikula unga wa duka, ndugu walikopa unga wa duka, karo ililipwa kwa fedha za duka, na hakuna kilichoandikwa popote. Baada ya miaka miwili rafu zilikuwa tupu. Baba alikuwa mtu wa bidii na hakunywa pombe. Kilichokosekana ni daftari, na mtu wa kumwonyesha namna ya kuliandika.

Hata sheria inalitambua jambo hili. Nchi yetu iliingia katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya biashara ya jumuiya hiyo inamruhusu mfanyabiashara mdogo kuanza kwa kutoa tamko tu, pasipo kujiandikisha katika rejista ya biashara. Lakini inamtaka aandike kila siku fedha zilizoingia na zilizotoka, na kulihifadhi daftari hilo kwa miaka mitano angalau. Sikuwahi kulisikia hilo kabla ya programu, na nadhani wengi wanaouza kando ya barabara hawajalisikia hadi leo.

Kwa hiyo, kwa waandalizi wa programu hizi nina ombi moja. Miezi mitatu yetu ilikwisha kwa sherehe ya kugawa vyeti, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuuliza kama daftari bado linaandikwa. Vikundi vitatu kati ya sita vimekwisha kuvunjika. Fedha za sherehe zingetosha kumlipa mkufunzi mmoja atutembelee mara moja kwa mwezi, kwa nusu mwaka, akague hesabu zetu kama alivyokagua zile za kwanza.

Kikundi chetu bado kipo. Sasa tunapika lita 15 tu, tunauza kwa kikombe, na makala yameandikwa katika mstari wa kwanza.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchumi,
Lubumbashi