Barua kwa wanachuo mnaokuja kutafiti mafuriko mabondeni

Wanangu na wajukuu zangu mnaosomea mambo ya maafa, wa Chuo Kikuu Ardhi, wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na nyie mnaotoka vyuo vya Ulaya mkiongozana na mkalimani, marahaba, maana najua shikamoo imeshatoka. Mimi ni mzee wa Kigogo, hapa Dar es Salaam kwenye bonde la mto Msimbazi, nimewahi kuwa mjumbe wa shina, na kwenye kibaraza changu wamekaa wanafunzi wengi tu na makaratasi yao, siku hizi na tableti, wamekunywa maji wameniuliza maswali wameondoka, na wengi wao watoto wazuri wenye adabu. Kwaiyo siandiki kwa hasira. Naandika kwa sababu utafiti wenu unaishia pale ambapo kwetu sisi ndo mambo yanaanza.

Angalieni mnavyokujaga. Mvua ikipiga, Msimbazi ukifurika, barabara ya Jangwani ikifungwa, wiki mbili baadae mtaa umejaa wanachuo. Maji yalifika magoti au kiuno, ulipoteza nini, ulipata msaada gani. Sawa, hayo ya muhimu, sikatai. Ila ikipita miezi miwili hamna hata mmoja anaepita huku, mpaka mvua nyingine.

Jirani yangu mmoja ni mama lishe, maji yalimbebea masufuria, unga, meza, jiko la mkaa, kila kitu. Siku chache tu akawa anapika tena kwa vyombo vya kuazima, akaja binti wa chuo na dodoso lina swali, umerejea kwenye shughuli yako ya kiuchumi? Mama akajibu ndio, binti akaweka tiki, wakaagana vizuri. Kwenye karatasi yule mama kashapona. Sasa ambacho dodoso halikuuliza ni kwamba hela ya kurudia biashara aliikopa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, na marejesho ya kikoba hayajui mafuriko wala jua, akauza cherehani, haikutosha, akakopa kwa mtu wa riba ili alipe kikoba, na mwanae aliekuwa kidato cha tatu akawa anabaki nyumbani kusaidia kuosha vyombo mpaka shule ikamshinda. Hayo yote yametokea mwaka uliofuata, yule binti kashavaa joho na mimi nilimwombea dua.

Kwaiyo ombi langu kubwa ndo hilo, rudini mwaka wa pili na wa tatu kwa watu walewale. Najua mtaniambia fildi ina wiki kadhaa tu, hela ya chuo imeisha, supavaiza anataka tasnifu mezani. Naelewa. Ila nyie walimu wao mnaosoma hii mnashindwaje kumpa mwanafunzi wa mwaka huu majina aliyoyaacha yule wa mwaka juzi (kwa ridhaa ya wenyewe lakini, sio majina ya watu yazagae)? Kila mwaka mnaanza upya kama hakuna aliewahi kufika hapa.

Kingine, muelewe karatasi na kalamu huku kwetu maana yake nini. Mwisho wa 2015 kuingia 2016 watu walipigiwa X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, tingatinga likaja Mkwajuni na Magomeni. Halafu ukaja huu mradi wa bonde la Msimbazi wa kupunguza mafuriko, wathamini wakapita nyumba kwa nyumba, watu wakalipwa wakabomolewa, wengine mpaka leo wanalalamika walichopata hakikutosha. Sasa wewe umeshuka kwenye bajaji na kitambulisho shingoni na tableti mkononi unauliza nyumba ina vyumba vingapi, unadhani utajibiwa ukweli? Mwenye nyumba atakwambia maji huwa hayafiki kwake kabisa, asije akaambiwa yupo eneo hatarishi. Mpangaji atakwambia nyumba yake, labda kuna fidia. Msimlaumu mtu hapo. Kaeni kwanza, ongeeni habari nyingine, mkishazoeana mwombe asogeze ile kalenda ukutani, utakuta nyuma yake mstari wa tope umepakwa chokaa mara tatu na bado unaonekana, pima hapo urefu wake kwa futi ndo utajua maji yalifika wapi. Na mpangaji nae aulizwe kama mpangaji, maana huyu maji yanamfukuza, kodi ya miezi sita alishalipa, na kwenye orodha za misaada mara nyingi anaeitwa ni mwenye nyumba.

Kazi nzuri ipo, tusiwanyime sifa. Wale vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, walioanza 2015 walikuja wanachuo wa Ardhi na wa Mlimani wakatembea na vijana wa mitaani humuhumu, wakachora mifereji, vichochoro, wapi maji yanasimama, baadae zikaja droni. Kilichonifurahisha sio droni, ni kwamba kijana wa Tandale ambae hajafika hata kidato cha nne alishika simu akajifunza kuchora ramani ya mtaa wake na akawa anambishia mwanachuo, bro hapo sio mfereji, hapo ni shimo la mtu la taka. Utafiti wa namna hiyo hata mkiondoka kuna mtu anabaki na ujuzi.

Na haya mambo ya tahadhari. TMA, watu wa hali ya hewa, wakitangaza mvua kubwa siku hizi tunapata kwenye simu na redio, hilo nisiwadanganye. Ila mmeandika sana kwamba wananchi hawahami kwa sababu hawana elimu. Nani kawaambia? Watu wanajua vizuri tu, wanapandisha kitanda kwenye matofali, vyeti vya watoto vinafungwa kwenye mfuko wa plastiki vinapandishwa darini, watoto wanapelekwa kwa shangazi Tabata, baba anabaki. Anabaki kwa sababu ya wezi. Nyumba ikiachwa usiku mmoja asubuhi hakuna tivii, hakuna godoro, hata bati linang'olewa. Sasa njooni mtafiti hilo, ulinzi wa mtaa siku ya mafuriko unakuaje, nani analinda, polisi wanafika saa ngapi. Sheria ya maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya mtaa, muulizeni mwenyekiti wenu wa mtaa hiyo kamati mara ya mwisho ilikaa lini, jibu lake ni tasnifu nzima.

Wale waliokwenda Katesh kule Manyara baada ya tope la Mlima Hanang, 3 Desemba 2023, nawaambia hivyohivyo. Watu zaidi ya 80 walikufa, nyumba mpya zikajengwa Waret, tunashukuru. Ila nendeni sasa, kamera zikiwa hazipo, muulize mwenye nyumba mpya shamba lake liko umbali gani na anafikaje sokoni.

Matokeo nayo mtuletee. Sisemi lile libuku la kurasa 100 la kizungu, leteni ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano wa mtaa, watu wawabishie, maana mtabishiwa, na hapo mtajifunza kuliko mlivyojifunza kwenye dodoso. Na msiahidi msaada ambao hamna, mtu akiuliza tutapata nini mwambie ukweli kwamba ni masomo tu, atakupa kiti hivyohivyo.

Kwa anaetafuta mada, mimi ninayo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu kama 40 hapa Dar, mwaka 2012 waathirika wakapelekwa Mabwepande, mahema kwanza halafu viwanja, huko mbali kama kilomita 30 na mji ambako kibarua cha Kariakoo hakifikiki kwa nauli. Wengine waliuza wakarudi bondeni, wengine walikomaa wana nyumba nzuri leo na watoto wamekulia kule. Nani alibaki, nani alirudi, kwanini? Na wa mradi wa Msimbazi juzi wamehamia wapi, Chanika, Mbagala, au wamepanga palepale ng'ambo ya mto? Kwenda Mabwepande panda daladala la Bunju, shuka uchukue boda iingie ndani, uliza wale wa mafuriko, utaonyeshwa. Barua ya utambulisho ianze kwa mkurugenzi wa halmashauri, ishuke kata, ndo uende mtaani, na uende asubuhi kabla hawajatoka kwenye shughuli zao.