Deni la miaka 30 lisipitishwe na wapiga kura wachache wa Mei

Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita mliwahimiza Waswahili wa Dallas wenye uraia wajitokeze kila inapoitishwa kura ya hatifungani, yaani kura ya kuruhusu jiji au shule kukopa kwa kuuza hati zinazolipwa baadaye kwa kodi, na kwamba wakifika wapige “ndiyo”, kwa sababu kule tulikotoka serikali hukopa bila kumuuliza mtu. Hilo la kutoulizwa ni kweli. Kenya ilipouza Eurobondi yake ya kwanza, hatifungani kwa wawekezaji wa nje, mwaka 2014 hakuna mpiga kura aliyeombwa ridhaa, na mwaka 2023 Bunge lilipoondoa ukomo wa deni wa shilingi trilioni 10 na kuweka asilimia 55 ya pato la taifa, wananchi walisikia kwenye taarifa ya habari kama habari nyingine. Kwa mtu wa huko, kuulizwa tu ni heshima. Ila kuulizwa siku ambayo anayekuuliza anajua fika kwamba hutakuwepo, hiyo mimi siihesabu.

Hapa Texas anayetaka kukopa ndiye anayechagua siku ya kura. Sheria inampa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei au Jumanne ya Novemba. Novemba ya mwaka wa rais au gavana watu hupanga foleni. Mei hakuna rais, hakuna gavana, redio ziko kimya, siku za kupiga kura mapema ni chache kuliko za Novemba, na hiyo Jumamosi yenyewe watu wetu wengi wako kazini, ghalani au hospitali. Wanaojitokeza mara nyingi hawafiki asilimia 10 ya walioandikishwa. Na hakuna idadi ya chini inayotakiwa: zikipigwa kura 11, sita zinatosha kufunga mkopo wa jiji zima.

Tarehe 4 Mei 2024 jiji la Dallas liliomba kukopa dola bilioni 1.25 kwa maswali kumi tofauti, yote yakapita. Zaidi ya dola milioni 500 zilikuwa za barabara, na mwenye gari hapa hahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini miezi sita tu mbele ulikuwepo uchaguzi wa rais, vituo vile vile, orodha ile ile ya wapiga kura. Mashimo yaliyosubiri miaka yasingeshindwa kusubiri hadi Novemba.

Hesabu ya mkopo ndiyo inayonifanya niandike. Ukikopa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 4, ulipe kwa awamu sawa kwa miaka 30, mwisho wake umetoa kama milioni 173. Fedha hiyo inatoka kwenye kodi ya majengo, na msiseme “mimi sina nyumba”. Zaidi ya nusu ya kaya za Dallas ni za wapangaji, na mwenye nyumba akishapokea karatasi yake ya kodi, mkataba wako ukifika mwisho utaiona kwenye pango. Wapo pia ndugu zetu wakimbizi ambao bado hawajapata uraia. Hao wanalipa deni wasilokuwa na kura juu yake hata kidogo. Hilo sina dawa yake leo, lakini ni sababu ya kutaka sisi wenye kura tuwe wengi siku ya kuamua.

Sasa angalieni nani anabaki uwanjani Mei. Texas inamruhusu mtu wa miaka 65 na kuendelea kupiga kura kwa posta bila kutoa sababu nyingine. Na mtu huyo huyo, kama anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, kodi yake ya shule imegandishwa: haipandi hata wilaya ya shule, mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lake, ikikopa, labda aongeze vyumba. Siwasemi vibaya wazee, haki yao ni haki yao. Nasema tu kwamba mama wa watoto watatu anayepanga mtaa wa Vickery Meadow hapa Dallas ndiye atakayebeba ongezeko hilo, na ndiye ambaye Mei hayupo kituoni.

Matunda ya kura za Mei tunayo jirani. Mei 2009 mji wa Allen, kaskazini yetu hapa, ulipitisha hatifungani ya shule ya dola milioni 119. Milioni 60 ndani yake zilijenga uwanja wa mpira wa sekondari wenye viti 18,000. Ulifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2014 ukafungwa kwa sababu ya nyufa. Watu wa Allen wanaupenda uwanja wao, sawa, pesa ni zao. Baadaye, mwaka 2019, Bunge la Texas liliamuru viwanja vikubwa vya namna hiyo viulizwe kwa swali la peke yake, na kila karatasi ya kura ya hatifungani ya shule iandikwe kwa herufi kubwa: HII NI NYONGEZA YA KODI YA MAJENGO. Hatua nzuri. Ila maandishi yanamsaidia aliyefika kuyasoma.

Wanaotetea Mei husema Novemba karatasi ni ndefu, watu wanachoka, wanapiga “hapana” kwa hasira, na shule zinaumia. Matokeo hayasemi hivyo. Novemba 2020, siku ya uchaguzi wa rais, wilaya ya shule ya Dallas iliomba kama dola bilioni 3.7 zilizogawanywa kwenye maswali matano. Wapiga kura walikubali majengo ya shule na teknolojia, ndiyo sehemu kubwa ya fedha, wakakataa viwanja vya michezo, kumbi za sanaa na mabwawa ya kuogelea. Walichambua kama mtu anayechambua mchele. Novemba 2024 Houston walikataa mkopo wa shule wa bilioni 4.4, kama asilimia 58 wakisema hapana, kwa sababu hawakuwa na imani na uongozi uliowekwa na jimbo mwaka uliotangulia. Unaweza kusema walikosea. Huwezi kusema hawakuwepo.

Na tafadhali msiwaambie wasomaji kwamba hatifungani ni ya “kuwasaidia walimu”. Fedha za hatifungani ni za majengo, mabasi, vifaa. Mshahara wa mwalimu unatoka mfuko mwingine kabisa.

Majimbo mengine yameshaona tatizo. Iowa, ambako Wakongo na Warundi wengi wamejenga maisha, tangu mwaka 2023 imeamua kura za hatifungani zifanyike Novemba tu. Idaho ilifuta tarehe ya Machi kwa mikopo ya shule mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ikafuta ya Agosti. Washington bado wanaitisha kura Februari na Aprili, lakini mkopo wa shule huko unataka asilimia 60 ya kura, na watakaopiga wasipungue asilimia 40 ya waliopiga kwenye uchaguzi mkuu uliotangulia. Texas inatosheka na nusu na moja zaidi, ya yeyote aliyejitokeza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wagombea wa bunge la jimbo wakija kutafuta kura zetu makanisani na misikitini, waulizeni kama watapiga kura ya kuondoa mikopo Mei na kuipeleka Novemba ya miaka shufwa, kisha mchapishe jina na jibu. Mimi hadi hapo nitakwenda kituoni kila Mei na kupiga “hapana” kwa kila deni, hata la barabara ninayopita kila siku. Wakiurudisha mkopo huo huo Novemba nitausoma swali kwa swali, na wa madarasa huenda ukapata kura yangu.

Msomaji wenu,
Dallas, Texas