Safari ya Rufiji

Assalamu alaykum jamaa. Boti ni Jumamosi asubuhi, tukutane bandarini Malindi, hapa Unguja, mapema. Dar tunapanda basi hadi Kibiti, kisha Utete.

Nawaombeni sana, tusikimbilie viboko tu. Tuwaangalie watu: mvuvi anavyosukuma mtumbwi kwa pondo, kina mama wanaochota maji jicho likiwa kwa mamba, na madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo wakulima hukaa kuamia ndege wasile mpunga. Na boriti za mikoko ya delta ile zililetwa Unguja kwa majahazi kujengea nyumba, kwa hiyo hatwendi ugenini kabisa.

Picha: salamu kwanza, ruhusa, ndipo simu itoke. Nauli nitumieni kabla ya Jumatano, inshallah.