Kwa nini hawakutumia heliamu?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Maksi za fizikia tutazizungumza ukija likizo. Kilichonikalisha na kalamu usiku huu ni swali lako: ikiwa heliamu haishiki moto, kwa nini Wajerumani waliijaza haidrojeni Hindenburg, ile meli yao ya angani iliyoelea kwa gesi?

Heliamu ilikuwa ya Marekani, mwanangu, na sheria yao haikuruhusu iuzwe nje hivi hivi. Meli ile ilichorwa itumie heliamu. Ilipokosekana, wakajaza walichokuwa nacho. Hatari waliijua vizuri. Abiria alipokonywa kiberiti kabla ya kupanda, na kwenye chumba cha sigara kilikuwamo kiwashio kimoja tu, cha umeme. Urefu wake mita 245! Unganisha viwanja viwili vya mpira, mkia bado unabaki nje.

Jioni ya tarehe 6 Mei 1937, pale Lakehurst, New Jersey, kamba za kutulia zilikuwa zimeshashushwa moto ulipolipuka upande wa mkia. Kama nusu dakika hivi, imebaki mifupa ya meli. Waliokuwamo ni 97. Wakafa 35, na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini. Chanzo kinabishaniwa hadi leo, ingawa wengi husema ni cheche ya umeme tuli iliyokutana na gesi inayovuja.

Sasa msikie Werner Franz, mvulana wa kazi melini, miaka 14, rika lako. Alikuwa akipanga vyombo vya maofisa. Tangi la maji likampasukia juu, likamlowesha chapachapa. Akaufungua kwa teke mlango wa sakafuni wa kupakilia vyakula, akaruka, akatimua mbio. Kesho yake akarudi kwenye majivu kutafuta saa aliyopewa na babu yake. Akaipata. Mimi hapo husita kila nikisoma.

Siku ile ya moto, Graf Zeppelin, meli nyingine ya angani ya Wajerumani, ilikuwa angani ikitoka Brazil. Nahodha alipata habari kwa redio, asiwaambie abiria mpaka walipotua Ujerumani. Safari 590 ilizipiga bila kuua abiria hata mmoja, na bado ikastaafishwa, ikawekwa bandani Frankfurt watu wakaitazame.

Ikabaki ndugu yao wa mwisho, LZ 130. Wamarekani walikaribia kuwauzia heliamu, lakini Machi 1938 Hitler akaimeza Austria, na waziri wa Marekani, Harold Ickes, akagoma kabisa. Kwa hiyo jibu la swali lako nusu ni kemia, nusu ni siasa. Mwalimu wako asikukasirikie. LZ 130 ikaruka kwa haidrojeni, bila abiria wa kulipa nauli, na mwaka 1939 ikatumwa kunusa mitambo ya rada ya Waingereza.

Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, hakuwa na haja na meli hizo. Mwaka 1940 zote mbili zikakatwakatwa, alumini ikaenda kwenye ndege za vita. Halafu wakayalipua na mabanda ya Frankfurt. Ilikuwa 6 Mei 1940. Angalia tena tarehe hiyo hapo juu.

Mama yako anakusalimu. Sweta ametuma kwa dereva wa basi, ulifuate Jumamosi.

Ni mimi baba yako.